Kadi Isiyojaa

Duka langu la Magomeni, pale Kilosa, lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja akiingia na mwavuli ilibidi mmoja wetu atoke nje. Kampuni moja ya simu ilikuja ikapaka rangi ukuta wa mbele bila kuniomba ruhusa ya maana, na kabla rangi haijapauka ikaja kampuni nyingine ikapaka yake juu ya ile. Ndiyo miaka yenyewe ya soko huria, kila mtu anauza na kila kitu kinauzwa, na ukiuziwa uongo hakuna wa kumlalamikia. Niliuza vocha na chaja, niliingiza nyimbo kwenye simu za watu, lakini zaidi ya yote niliuza memori kadi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na memori kadi zilinizidishia. Fikiria kitu chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimeandikwa namba mgongoni, na namba yenyewe ni ya uongo. Imeandikwa GB nane, ndani hata moja haifiki. Ubaya wake ni kwamba haikatai. Betri feki inakufa siku hiyohiyo ukajua umeibiwa. Kadi feki inapokea kila unachoipa, inakuorodheshea jina la kila picha, halafu siku unayoitaka picha unakuta kiboksi cha kijivu. Nimeshaona bi harusi akililia viboksi vya kijivu juu ya meza yangu. Aliyemuuzia si mimi, lakini niliyekodolewa macho na mawifi zake ni mimi.

Basi nikawa nafuata mzigo mwenyewe Mikumi. Kulikuwa na muuzaji wa jumla karibu na pale malori yanapoegeshwa, madereva wakishuka kula kabla ya kuvuka mbuga au baada ya kuvuka. Wenzangu walichukua kadi kwa pakiti wakaondoka. Mimi nilikaa juu ya kreti la soda, nafungua moja moja, naitia kwenye simu yangu, naijaza nyimbo mpaka simu ikatae, kisha naupiga wimbo wa mwisho kuingia. Ukiimba hadi mwisho, kadi naibeba. Ukikwama njiani, kadi inabaki kwake.

"Dada, unanunua kadi au unachagua mchumba?" aliniuliza siku moja, amechoka na mimi.

"Mchumba anarudishika," nikamjibu. "Kadi nikishafika nayo Kilosa utaipokea?"

Madereva walicheka. Wenyewe walikuwa wananyoosha mkono kwenye kadi yenye namba kubwa kuliko zote, wanalipa, wanapanda malori yao wakiwa na furaha. Nilitamani kuwazuia, lakini si kila mtu anapenda kuzuiwa.

Kadi moja feki, yenye namba kubwa kupita zote, niliitundika ukutani dukani kwangu iwe onyo. Ndiyo aliyoinyooshea kidole mama mmoja, siku ya kwanza alipokuja.

Ilikuwa siku ya gulio. Alikuwa mama wa Kimasai, mkubwa kuliko mama yangu, na wengi Magomeni tulimjua kwa sababu alikuwa akituletea maziwa majumbani. Mumewe alikuwa amefariki, mwanawe mkubwa alikuwa mlinzi Dar es Salaam, na ng'ombe walikuwa mikononi mwake na mwa vijana wa boma. Mwanawe alimtumia simu yenye kamera. Aliiweka mezani kwangu kwa uangalifu, kama mtu anayetua chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitu cha kuweka picha za ng'ombe."

Akanieleza. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa watu mbalimbali walikamatwa wakachanganywa katika zizi la kijiji. Siku ya kuwatoa, mtu mwingine alisema ndama mmoja ni wake, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa zaidi, na mama huyu hakuwa na cha kuonyesha, ndama akaenda. Mwanawe alimwambia kwa simu: mama, wapige picha wote, masikio na nyuso, uzitunze.

Nikauliza swali ambalo muuzaji yeyote angeuliza. "Ng'ombe wangapi, mama?"

Akatazama barabarani. Nikadhani hajanisikia, nikarudia kwa sauti.

"Hawahesabiwi," alisema. "Ukiwahesabu unawaitia mabaya."

Mimi nimezaliwa na wakulima wa milimani. Kwetu magunia huhesabiwa yakiingia ghalani na yakitoka, na asiyehesabu anaitwa mzembe. Nikamweleza, na uvumilivu wangu ukiwa umeshaanza kuisha, kwamba bila idadi siwezi kujua kadi ya ukubwa gani inamfaa.

"Basi nipe isiyojaa."

"Hakuna isiyojaa, mama."

"Ile pale." Akaonyesha ile feki ukutani.

Nilicheka, na mara nikaona haya kwa kucheka. Nikamwambia ile ndiyo inayojaa mapema kuliko zote, ila haisemi. Nikamtolea ya GB mbili, moja ya zile nilizozijaribu Mikumi, nikamwekea wimbo asikie. Aliitazama ile namba ndogo, akanitazama usoni kwa muda, mwisho akaamua kuamini uso.

Tangu hapo alikuja kila gulio. Nilimfungulia picha moja moja kwenye kompyuta yangu chakavu, naye akakagua. Kila ng'ombe alipigwa ubavuni, kisha sikio lenye alama ya kukatwa, kisha uso. Picha ikitoka na kiwingu, au ng'ombe akiwa amefumba jicho, aliamuru ifutwe, akarudi gulio linalofuata na nyingine. Nilimwona mtu wa aina yangu, mtu asiyechukua kitu kwa pakiti, na nikampenda kwa hilo. Akawa ananiletea maziwa ya mgando na kunikaripia nikitia sukari.

Mmoja wa ng'ombe wale alikuwa na picha nyingi kuliko wenzake. Alikuwa mweupe, na kuzunguka macho alikuwa na weusi kama aliyepakwa wanja. Mama yule aliniambia ni wa uzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake siku alipoolewa, na kwamba wengine ni wa boma, lakini huyu ni wa kwake. Akifika kwenye picha zake alikuwa hasemi ifutwe hii wala ile.

Kadi yenyewe aliiacha kwangu, nami kila gulio nilihamishia humo picha mpya kutoka kwenye simu yake. Alisema akiibakiza kwenye simu, vijana wataijaza nyimbo. Niliitunza katika kopo tupu la mafuta ya kujipaka, kwenye droo ya meza.

Mahindi yalipokuwa yamekomaa, yanasubiri kukauka, mjomba wangu alikuja kutoka Mvumi. Mama yangu alikuwa analima kule, na sisi ni Wakaguru, neno la kaka wa mama si neno la kupuuza. Aliingia bila kusubiri salamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akiwa ameshanisukumia simu yake.

"Tazama walichomfanyia mama yako."

Picha zilipigwa alfajiri, kuna ukungu. Nikaona migongo, nikaona pembe, nikaona mabua yamelala. Ng'ombe walikuwa ndani ya shamba la mama yangu kama waliokaribishwa. Wengi usingeweza kuwatofautisha. Mmoja tu alikuwa amegeuka akatazama kamera sawasawa, shina la hindi likining'inia mdomoni, na macho yake yalikuwa na wanja.

Nikakaa. Sikujua hasira yangu niielekeze wapi. Kwa mara ya kwanza nilitamani picha iwe kiboksi cha kijivu.

"Unamjua?" mjomba aliuliza. Macho yake hayakuwa kwenye simu, yalikuwa kwangu.

"Ng'ombe ni ng'ombe, mjomba."

Akanieleza kwamba wanakijiji waliwaswaga wakawafungia kwenye zizi la kijiji. Vijana waliokuwa wakiwachunga walikimbia, na mpaka hapo hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. "Atajitokezaje? Atakayesema hawa ni wangu, ndiye atakayelipa shamba zima. Asipotokea mtu, mtendaji wa kijiji atawapiga mnada wote." Akanyoosha mkono. "Zihamishie hizi picha kwenye kadi nzuri. Ile unayoijaribu kwa nyimbo. Sitaki siku ya shauri nionekane mwongo."

Nikamhamishia. Alisema nimtunzie mpaka siku ya shauri, maana yeye simu yake inashikwa na kila mtu. Nilifungua lile kopo la mafuta nikaiweka humo. Kadi zile mbili zilitoka pakiti moja, siku moja, kreti moja la soda. Ya mwenye ng'ombe na ya mwenye shamba zililala pamoja, na mwenye kopo ni mimi. Nilikaa siku ile nzima nikiwafokea wateja.

Nilikwenda Mvumi kumwona mama. Nilimkuta ameinama anaokota mahindi yaliyokanyagwa, anayapangusa udongo kwa kanga, anatia kikapuni hata yale yaliyobaki punje chache. Nilimsaidia. Hakulia. Nilimwambia mjomba anasema ng'ombe watapigwa mnada. "Wakipigwa mnada wote, pesa inaingia ofisini, na ofisini haitoki," alisema. "Mimi sitaki ng'ombe wa mtu. Nataka mahindi yangu." Nilitaka kumwambia ninachokijua. Mdomo ulifunguka, nikauliza kama ana chumvi ya kutosha.

Yule mama alikuja siku isiyo ya gulio. Hakuleta maziwa.

"Nipe kadi yangu, mwanangu. Nakwenda zizini."

Niliishika droo nisiifungue. Nilijua nikimpa bila kusema kitu, atakwenda kuonyesha picha kwa furaha kwamba safari hii ana ushahidi, na ushahidi huohuo utamnyonga. Na nikisema, nimemsaliti mjomba, na mama yangu, na njaa ya nyumbani kwetu. Nikasema.

"Mama, lile shamba ni la mama yangu."

Alisimama pale mlangoni. Nje fundi cherehani alikuwa anagombana na mteja, tukamsikiliza sote wawili kana kwamba maneno yale yanatuhusu.

"Wanasema kuna picha," alisema hatimaye.

"Zipo."

"Wanaonekana?"

"Mmoja tu."

Alivuta shuka akajifunika vizuri begani. "Mwenye wanja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, ambacho siku zote alikuwa akikikataa akisema ni cha wazee.

Akaeleza kama mtu anayepanga safari. Angekwenda zizini na kadi. Angewaonyesha wote isipokuwa huyo. Angesema wake walikamatwa njiani, wamechanganyika na ng'ombe asiyemjua, na ni huyo asiyemjua ndiye aliyekula shamba. Faini ya kuzurura angelipa. "Vijana wa boma wana watoto," alisema. "Watoto wanaishi kwa maziwa. Wote wakienda, boma limekwisha."

Hapo hasira yangu ikapata njia. "Na mama yangu atakula nini?"

"Atamla huyo," alisema. "Mwambie mama yako amle huyo. Ni mnono."

Akaniomba nimwonyeshe pa kufutia. Nilimwambia nitamfutia mimi, akakataa. Nikatia kadi kwenye simu yake, nikamwonyesha kitufe. Simu ilikuwa inauliza kila mara, ndiyo au hapana, naye hakujua kusoma, akawa ananiuliza ndiyo ni ipi. Nilimwonyesha mara ya kwanza, baadaye hakuuliza tena. Kila picha aliitazama kwanza. Ubavu, sikio, uso. Ubavu mwingine, akiwa anakunywa maji. Moja alikuwa na ndama. Kidole chake hakikukosea kitufe. Alipomaliza, akanirudishia nihakikishe, nami nikahakikisha, na kweli hakuwepo tena.

Siku ya shauri nilimpeleka mama yangu zizini mwenyewe, na mjomba nikamkabidhi kadi yake mkononi kama alivyoniagiza. Mtendaji alikuwa na haraka, jua lilikuwa kali, watu wamejipanga kuzunguka miti ya zizi. Mjomba alionyesha picha zake. Yule mama alionyesha zake. Mtendaji alizishika simu zote mbili, akawa anatazama huku na huku, akamwita mtu mwenye macho mazuri amsaidie. Mmoja mmoja ng'ombe walilinganishwa masikio wakatolewa. Alibaki mwenye wanja peke yake katikati ya zizi.

"Na huyu?" mtendaji akauliza.

"Huyo simjui," alisema yule mama.

Nadhani ni sauti. Ng'ombe aliinua kichwa. Akaja, wala hakukimbia, akaja taratibu moja kwa moja mpaka kwenye miti aliposimama yule mama, akapitisha pua kati ya mti na mti, akaanza kumlamba mkono. Yule mama hakuuondoa mkono, na hakumtazama. Aliendelea kumtazama mtendaji.

"Huyo anakujua!" mjomba alipiga kelele. "Jamani, si mnaona? Anamjua!"

"Ng'ombe humfuata yeyote mwenye shuka jekundu," alisema yule mama. "Mletee wewe shuka atakulamba."

Wengine walicheka. Mjomba alinigeukia. "Wewe! Huyu mama ni mteja wako. Sema!"

Nilihisi macho ya wote. Kabla sijafungua mdomo, mama yangu alinishika kiwiko, akanishika kwa nguvu kabisa, na kwa Kikaguru akamwambia kaka yake kwamba jua ni kali na anataka kurudi nyumbani. Ni mara ya kwanza kumsikia akimkatiza mjomba. Mtendaji, aliyekuwa na haraka tangu mwanzo, akasema basi, asiye na mwenyewe atapigwa mnada na mwenye shamba atafidiwa kwa huyo.

Njiani nilimuuliza mama kama alielewa. Alisema ameelewa tangu ng'ombe alipoinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini basi amenyamaza, na shamba ni lake, na fidia nzima ilikuwa mbele yake.

"Nimemwona akimkana," alisema mama. "Ningemtoza nini zaidi ya hapo?"

Ng'ombe aliuzwa kwa mfanyabiashara wa Mikumi, akapakiwa kwenye lori. Mama yangu alipewa mahindi kwa pesa hiyo, hayakumfikisha mvua nyingine, na miezi iliyobaki tulimlisha mimi na mjomba, ambaye kwa muda mrefu hakuitikia shikamoo yangu. Bado naudhika nikikumbuka. Sijapata bado mtu wa kumlaumu akakaa vizuri kwenye lawama.

Yule mama alikuja mara moja tu baada ya hapo. Aliweka kadi mezani, kavu, imefungwa kwenye kipande cha nailoni. Nilimwambia ni yake, ana ng'ombe wengine humo. "Iuze," alisema. Maziwa ya Magomeni akawa analeta mkwe wake.

Mimi kazi yangu naijua. Picha ukiifuta kwenye kadi haiondoki palepale. Simu inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na picha inabaki humo mpaka kitu kipya kije kiikalie. Kuna programu za kompyuta za kuirudisha, na nimewarudishia wengi. Lakini ukiingiza hata wimbo mmoja, huwezi kujua umemkalia nani. Nilitaka kumweleza hilo, na kila nilipomwona kwa mbali gulioni nilijiambia leo, kisha namwona anavyopita duka langu bila kugeuka, naacha.

Kadi imebaki kwenye lile kopo la mafuta. Ilikuwa inatokea mzigo umeniishia, mteja anaona kopo liko wazi, anauliza, na ile je? Mimi niliyewagombeza watu miaka yote kwa kuuza namba za uongo, nafunika kopo, namwambia hiyo imejaa.